Mkojo wa Rangi ya Turungi: Figo na Mazoezi ya Kijeshi

Anayezungumza nawe ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Miritini. Leo maneno yangu ni ya vijana wanaojitayarisha kuingia jeshini, polisi au Huduma ya Vijana kwa Taifa. Ni ya wazazi wao pia, kwa sababu mara nyingi mama ndiye anayeona kwanza kwamba mtoto ameamka hawezi kuinua mkono kujifunika shuka.

Mambo haya tunayaona kila mwaka. Tangazo la kusajili makurutu likitoka tu, barabara zetu hujaa. Alfajiri wanakimbia kuelekea Mazeras, wengine wanashika barabara mpya ya Dongo Kundu, na jioni viwanja vyote vina watu wanaopiga pushapu na kuruka kichurachura. Masharti ya kusajiliwa wote wanayajua kwa moyo. Katika matangazo ya KDF ya miaka ya karibuni yamekuwa umri wa miaka 18 hadi 26, kimo cha futi 5 na inchi 3, uzito wa kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Basi kijana aliyekuwa amekaa kibarazani miezi 8 anataka mwili wa askari kwa siku 10. Hapo ndipo penye hatari, na hatari yenyewe iko mahali ambapo kijana hapafikirii, yaani kwenye figo.

Nianze na kazi ya figo, maana ukiijua hii mengine yatakuwa mepesi. Una figo mbili, kila moja kama ngumi yako, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja figo huchuja maji kama lita 180 kutoka katika damu, kisha huyarudisha karibu yote mwilini na kukuachia lita moja na nusu hivi utoke nayo kama mkojo. Kwa kazi hiyo zinahitaji damu nyingi. Ukiwa umetulia, karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo inapitia huko. Lakini ukianza kukimbia, mwili hugawa upya. Damu inapelekwa kwenye misuli inayofanya kazi na kwenye ngozi ili ipoe, na figo zinabaki na kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya, aliyekunywa maji, hilo halina neno. Akipumzika damu inarudi.

Sasa tuje kwenye misuli. Mazoezi makali yasiyozoeleka hupasua nyuzi za misuli. Kupasuka kidogo ni jambo la kawaida, ndiyo yale maumivu ya kesho yake, na misuli ikipona huwa na nguvu zaidi. Lakini ikilazimishwa kupita kiasi, hasa kwa zoezi moja linalorudiwa mara mia, mara mia mbili, misuli humomonyoka kama ukingo wa mto wakati wa mvua ya masika. Vilivyokuwa ndani yake vinamwagika kwenye damu. Madaktari huita hali hii rabdomayolisisi. Jina refu, sitalirudia. Tutasema misuli kumomonyoka.

Vitu viwili katika hivyo vinavyomwagika ndivyo vibaya. Cha kwanza ni myoglobini, chembe nyekundu inayoipa nyama rangi yake. Hiyo ikifika kwenye figo ambayo tayari ina kiu ya damu na maji, inaganda ndani ya vijifereji na kuviziba, na pia inaviunguza. Ndiyo maana mkojo hubadilika rangi ukawa kama chai ya turungi au soda nyeusi. Cha pili ni potasiamu. Hii haionekani kwa macho, lakini ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo kabla figo hazijapata hata nafasi ya kufeli.

Jambo hili halikugunduliwa juzi. Mwaka 1941, London ilipokuwa ikipigwa mabomu na Wajerumani, daktari Bywaters na mwenzake Beall waliandika juu ya watu waliofukuliwa kutoka chini ya vifusi wakiwa hai, miguu imepondeka, kisha baada ya siku chache wakafa kwa figo. Misuli iliyopondwa ndiyo iliyoziba figo. Baadaye ikaonekana kwamba si lazima mtu aangukiwe na ukuta, kwani kurutu anaweza kujiponda mwenyewe kwa mazoezi. Katika jeshi la Marekani, ambalo huhesabu na kuchapisha mambo haya, visa vya namna hii vimekuwa kama 500 kila mwaka kwa miaka ya karibuni. Vingi hutokea katika miezi ya joto, na makurutu ndio huathirika zaidi kuliko askari wa zamani. Hao ni watu wenye madaktari kambini, maji ya kutosha na chakula cha uhakika. Wewe unafanya mazoezi hapa Miritini kwa kikombe cha chai na mahamri mawili.

Na joto letu tunalijua. Mnamo Julai 2013 huko Wales, wanajeshi watatu wa akiba wa Uingereza walikufa kwa sababu ya joto baada ya kutembezwa mlimani na mizigo mgongoni, katika jaribio la kuingia kikosi maalumu. Waliotoa habari walisema ilikuwa mojawapo ya siku zenye joto kali zaidi mwaka huo kwao. Sisi tungeiita siku ya kawaida. Mombasa mwezi wa Februari na Machi joto hufika nyuzi 32 na 33, na hewa ina unyevu, kwa hiyo jasho linatiririka bila kukauka na mwili haupoi. Mwili una uwezo wa kuzoea, lakini unahitaji siku 7 hadi 14 za kupandisha mazoezi polepole. Siku mbili hazitoshi, hata uwe jasiri namna gani.

Basi dalili ni zipi? Misuli kuuma kupita yale maumivu ya kawaida, misuli kuvimba na kuwa migumu, mtu kukosa nguvu kiasi cha kushindwa kunyanyua kikombe au kuchuchumaa chooni, na mkojo mweusi. Usingoje upate zote. Wachache sana ndio hupata zote kwa pamoja. Na zingatia hili: mara nyingi hali huzidi kuharibika baada ya siku moja hadi tatu, wakati kijana ameshapumzika na kila mtu nyumbani anasema atapoa.

Hapa kwetu kuna shida ya ziada. Mkojo wa rangi una maana nyingi pwani. Kuna kichocho, na watu wa Kwale na Kilifi wanakijua tangu utotoni. Kuna malaria kali. Kuna maambukizi ya njia ya mkojo. Na kuna aibu. Alikuja kwetu kijana mmoja, siku ya tatu baada ya kuruka kichurachura mara 300 kwa kubishana na wenzake. Alipoona mkojo wake alidhani amepata kisonono, akaogopa kumwambia mtu, akaenda duka moja la dawa akapigwa sindano na kupewa vidonge vya maumivu. Alipotufikia alikuwa hajakojoa tangu usiku uliopita. Tulimpeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Alisafishwa damu kwa mashine kwa muda, na figo zake zikarudi. Lakini nafasi ya usajili mwaka huo ilimpita, na mama yake aliuza mbuzi wawili kulipia yale ambayo bima haikulipa.

Kuna kipimo rahisi kinachosaidia kutofautisha. Kile kijiti tunachochovya kwenye mkojo kitaonyesha damu, lakini mkojo huo huo ukitazamwa kwa darubini hauna chembe nyekundu za damu. Mpimaji akiona hivyo, anajua kuwa huenda ni myoglobini. Katika kichocho darubini itaonyesha chembe za damu na mara nyingi mayai yenyewe. Kwa hiyo ukienda zahanati, usiseme tu "nakojoa damu." Sema, "Nilifanya mazoezi makali juzi, misuli inauma, na mkojo umekuwa mweusi." Maneno hayo matatu yatampeleka daktari moja kwa moja kwenye kipimo cha misuli kinachoitwa CK, na kipimo cha figo na potasiamu. Kwa kawaida CK ni chini ya 200 hivi. Ikizidi mara tano, misuli inamomonyoka. Ikipita 5,000, figo ziko hatarini, na nimeona majibu ya makumi ya maelfu.

Matibabu yake si ya ajabu. Ni dripu ya maji ya chumvi, nyingi na mapema, hadi mkojo utoke kwa wingi, kama mililita 200 hadi 300 kila saa, huku potasiamu ikiangaliwa. Anayefika siku ya kwanza, mara nyingi hurudi nyumbani na figo zake kamili. Anayechelewa ndiye huishia kwenye mashine katika kitengo cha figo cha Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, hulipia usafishaji wa damu, na viwango vilivyotoka wakati huo viliweka shilingi 10,650 kwa kila kikao. Lakini ni lazima uwe umejisajili na michango yako iwe imelipwa, na vijana wengi wa umri huu hawajafanya hivyo.

Sasa niseme juu ya dawa za maumivu, maana hapa nina hasira kidogo. Diklofenaki na Brufen zinauzwa kama peremende. Kijana anameza moja asubuhi ili akimbie bila maumivu, na nyingine jioni ili alale. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Kumbuka figo tayari zimenyimwa damu na mbio, na maji yametoka kwa jasho. Ukiongeza diklofenaki hapo, umezifungia mlango kabisa. Afrika Kusini kuna mbio za Comrades, karibu kilomita 90 kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilizoanza mwaka 1921. Madaktari wa huko wameandika tangu miaka ya 1970 juu ya wakimbiaji waliolazwa na figo zilizofeli, na miongoni mwao wamo waliokuwa wamemeza dawa za aina hii. Hao ni wakimbiaji hodari kuliko mimi na wewe. Kama lazima unywe kitu kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Lakini kama maumivu ni makali kiasi cha kuhitaji dawa kabla ya kukimbia, siku hiyo usikimbie.

Dawa za mafua zinazoleta usingizi nazo huzuia jasho. Pombe, iwe mnazi au chang'aa, huumiza misuli moja kwa moja na kukausha maji mwilini. Muguka nao, ambao wengine hutafuna ili wapate nguvu za mazoezi, huongeza joto la mwili na mapigo ya moyo na kuficha uchovu. Uchovu ni kengele. Ukiizima, hutajua nyumba inaungua.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sana sisi watu wa pwani, nalo ni selimundu. Sisemi ule ugonjwa wenyewe, maana mwenye ugonjwa huo kwa kawaida anajulikana tangu utotoni. Nasema yule aliyerithi chembe moja tu kutoka kwa mzazi mmoja. Huyo haumwi, anacheza mpira, anaoa, anazeeka bila kujua. Hapo Kilifi, takriban watu 15 kati ya kila 100 wako hivyo, kwa sababu hali hiyo huwakinga watoto na malaria kali. Lakini mazoezi yakipita kiasi kwenye joto na bila maji, chembe zake zinaweza kujikunja na kuinyima misuli damu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliofuatilia askari weusi karibu 48,000, ulionyesha kwamba wenye hali hiyo walipata kumomonyoka kwa misuli zaidi ya wenzao kwa kama nusu. Na mtasikia ajabu: uvutaji wa tumbaku ulileta ongezeko la kiasi hicho hicho. Habari njema ni kwamba hawakufa zaidi ya wenzao, kwani jeshi lile lilikuwa limeweka taratibu za maji, kivuli na mapumziko kwa kila askari. Kwa hiyo kama katika ukoo wenu kuna mtoto wa selimundu, nenda kapime kabla ya kuanza mazoezi. Majibu yatakufundisha namna ya kujitunza. Hayakuambii uache ndoto yako.

Tuje kwenye maji. Kuna wakufunzi wa mtaani, nisiwataje, wanaowaambia vijana wasinywe maji wakati wa mazoezi eti watapata kichomi au watakuwa wavivu. La hasha. Kunywa kabla ya kutoka, kunywa kila baada ya dakika 20 hivi, kunywa ukirudi. Na nyinyi wasichana, najua mnabana. Mnaacha kunywa kwa sababu njiani hakuna choo. Chagueni njia inayopita karibu na nyumbani au msikiti au kituo cha mafuta, lakini msikimbie na kiu. Hata hivyo usijimiminie ndoo. Maji mengi mno kwa mara moja hupunguza chumvi ya damu, na mtu anaweza kupoteza fahamu. Jeshi la Marekani huwakataza askari wake kupita takriban lita 1.4 kwa saa moja. Ukila chakula chenye chumvi ya kawaida na kunywa maji au uji mwepesi, inatosha. Tazama mkojo wako kila asubuhi. Ukiwa kama maji ya ndimu, sawa. Ukiwa wa manjano iliyoiva, umechelewa kunywa. Ukiwa kama turungi, acha mazoezi na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Na madafu? Nilijua mtauliza. Dafu ni kinywaji kizuri kwa mtu mzima wa afya. Lakini dafu lina potasiamu nyingi, na nimeshaeleza potasiamu hufanya nini. Mtu ambaye mkojo wake umeshakuwa mweusi asipewe madafu, ndizi wala maji ya ukwaju kama tiba ya nyumbani. Ampeni maji ya kawaida mkiwa njiani kwenda hospitali.

Kuhusu mazoezi yenyewe, anza wiki 6 hadi 8 kabla, usingoje tangazo. Kimbia alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni. Ongeza kidogo kidogo kila wiki, na uwe na siku ya kupumzika. Kichurachura na pushapu za mashindano ndizo mbaya zaidi, kwa sababu misuli ile ile inavutwa na kubeba uzito bila kupumzika. Mkibishana nani atafika 500, yule atakayeshinda ndiye nitakayempima mkojo. Ukiwa na homa, malaria au kuharisha, lala. Usitoe jasho ili kuitoa homa.

Na ukishachaguliwa usidhani yameisha. Makurutu wa KDF hupelekwa Moi Barracks, Eldoret, ambako ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Polisi huenda Kiganjo, vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa huenda Gilgil. Kote huko ni baridi, na baridi humdanganya mtu wa pwani. Hasikii kiu, jasho halionekani, lakini hewa kavu inamnyonya maji kwa kila pumzi. Wiki za mwanzo ndizo zenye hatari zaidi. Ukiona mkojo umebadilika, mwambie afande au mhudumu wa afya wa kambi siku hiyo hiyo. Najua unaogopa kuitwa mzembe. Lakini afande mwenye akili anajua kwamba kurutu aliyelazwa siku tatu bado ni kurutu wake, na aliye kwenye mashine ya figo si wake tena.

Nimalizie kwa swali lililoletwa pale zahanati na baba mmoja: je, kijana akitibiwa hali hii, anaweza kurudi mazoezini? Ndiyo, wengi hurudi. Apumzike angalau wiki mbili, apimwe tena mpaka CK na figo ziwe sawa, kisha aanze kwa kutembea, halafu mbio nyepesi. Ikimrudia mara ya pili, au ikimpata kwa mazoezi madogo tu, basi daktari atafute sababu iliyojificha, ikiwamo ile ya selimundu. Na barua ya hospitali aihifadhi. Asiifiche siku ya kupimwa afya kwenye usajili, maana daktari wa jeshi akijua mapema, atajua pia namna ya kumtazama.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya shinikizo la damu kwa mama wajawazito. Mpaka hapo, kwaheri ya kuonana.